Ukuta Uliosingiziwa Ufa

Kengele ya kanisa letu inalia ninapoandika haya. Sauti yake inateremka juu ya migomba na paa za bati, inavuka mto, inapotelea huko chini mjini kwenye kelele za magari. Nimeanza na kengele makusudi, ili msomaji asihangaike kuhusu mwisho: jengo limesimama. Waliotabiri kwamba mnara wake ungeangukia vichwa vya wanakwaya wamo chini ya mnara huohuo kila Jumapili, na kwa masikio yangu wanaimba vizuri kuliko zamani.

Nilikuwa mwalimu wa historia hadi nilipostaafu. Katika utumishi wangu wote niliwaadhibu wanafunzi kwa neno moja kuliko mengine yote, nalo ni “inasemekana”. Nililizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: na nani? Wengi walinichukia kwa hilo. Wachache walikuja kunishukuru walipokuwa watu wazima, na hao wachache walinitosha.

Usharika wetu uko upande wa kusini wa Mlima Meru, mahali ambapo mashamba ya kahawa yamekonda na nyumba za kupangisha zimenenepa. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama mlangoni mwa kanisa, mlima uko mgongoni kama mzazi mkali, na mji mzima wa Arusha umelala miguuni hadi Lemara. Majengo ya zamani yako manne. Lipo kanisa lenyewe na mnara wake. Ipo nyumba ya wamisionari yenye baraza pana, ambayo sasa ni ofisi ya mchungaji. Ipo shule ya kwanza, yenye kuta nene kiasi kwamba jua la Februari haliingii ndani hata kwa kubembelezwa. Na lipo ghala la kahawa, ambamo watoto hufundishwa kipaimara, na ambalo siku za mvua bado hunuka maganda ya buni. Yote manne ni ya mawe ya kijivu, mawe yaliyotemwa na mlima huu ulipokuwa ukiwaka moto.

Inasemekana wageni ndio waliojenga. Unaona? Hata mimi limeniponyoka. Mama yangu alisema kwamba yeye na wasichana wenzake walibeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa vyao, na kwamba mawe yalichongwa na vijana wa hapahapa. Nilimpenda mama yangu, lakini sikuwahi kuyaandika maneno yake kama historia. Niliyaweka pembeni, nikisubiri ushahidi.

Katika kanisa lile nilibatizwa. Humo nilifunga ndoa na binti wa Kichaga aliyekuja kutoka Kilimanjaro kufundisha shule moja nami, na baada ya miaka mingi humohumo nilimuaga. Tulikuwa tumeishi Lemara, karibu na kazi zetu. Alipofariki niliona nyumba ya mjini imekuwa kubwa mno, nikarudi mlimani kwenye shamba la wazee wangu. Jumapili ya kwanza nilivaa koti mapema, nikakaa barazani nikingoja kengele ya kwanza. Haikulia. Badala yake nilisikia mlio mkavu, kama wa sufuria iliyoangushwa. Nilipofika nikakuta rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti wa grevilea, na mhudumu mmoja akiigonga kwa chuma.

“Kengele imepatwa na nini?” nilimwuliza.

“Shikamoo, Mwalimu. Kengele haina neno. Mnara ndio una ufa. Tukiivuta, mnara unakuja.”

“Umeuona huo ufa?”

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni anayeuliza kama jua ni moto kweli. “Mwalimu, kila mtu anajua.”

Nilizunguka nyuma nikautazama. Pale mnara unapokutana na ukuta wa kanisa, ulishuka mkanda mnene wa saruji kutoka kwenye paa hadi ardhini, upana wa viganja viwili, umekunjamana kama kovu lililoshonwa vibaya. Nikaelezwa kwamba kila mwaka, kabla ya masika, wazee wa kanisa hukusanyika na ngazi na ndoo kuuziba ule ufa. Wanawake hupika chai na mihogo. Kazi huanza kwa sala na kwa methali, ileile ambayo kila mmoja wetu alifundishwa kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kila mwaka mvua zikiisha, saruji hukutwa imeachia na kupasuka katikati kwa urefu. Kwa hiyo ilijulikana pia kwamba ufa unakua. Na kwa kuwa unakua, kamati ya ujenzi ilikuwa imependekeza kanisa libomolewe na mahali pake lijengwe jipya la matofali na vioo. Mkutano mkuu wa usharika ungepitisha jambo hilo siku ya Sikukuu ya Mavuno, baada ya mnada.

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Anaishi Themi na ana duka la vifaa vya ujenzi Daraja Mbili. Nilimfuata dukani. Alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji kama chifu juu ya kigoda.

“Shemeji! Karibu! Umekuja kununua, au kunisahihisha?”

“Nimekuja kuuliza.”

“Mungu wangu. Leteni kiti, na mimi mniletee mwanasheria.” Vijana wake wa dukani walicheka. Nikakaa.

“Ufa wa mnara. Umeuona?”

“Shemeji, jambo hilo mbona linajulikana.”

“Sikuuliza kama linajulikana. Nimeuliza kama wewe, kwa macho yako mawili, umeuona.”

“Nimeambiwa na kiongozi wa kwaya. Yule mama anakaa chini yake kila Jumapili. Ana sababu gani ya kudanganya?”

“Kwa hiyo umesikia.”

“Nimesikia kwa mtu mzima!”

“Hata watu wazima wana masikio.”

Alicheka, kisha akaacha. Alishuka kwenye mifuko yake, akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie. “Sikiliza, Shemeji. Dada yangu alitoka mlangoni mwa kanisa lile akiwa bibi harusi wako, na alitoka mlango uleule akiwa ndani ya sanduku. Unadhani nalala vizuri nikifikiria kulibomoa? Lakini likimwangukia mtoto wa mtu ibadani, utasimama wewe mbele ya mama yake umwambie kwamba ushahidi haukutosha?”

Nilimuaga nikaondoka na swali lake. Nilijua sasa kwamba sishindani na mjinga wala mwovu. Nilishindana na mtu mwema aliyesikia.

Nikaanza kuifuata habari ile nyuma, kama mtu anayepanda na mto kutafuta chemchemi. Nilimkuta kiongozi wa kwaya anapalilia maharage. “Marahaba, mwanangu. Ufa wa mnara, umeuona?” Hapana, alisema, yeye huketi akitazama nyimbo, ameambiwa na mzee wa kanisa anayesimamia kazi ya kuziba. Nilimwendea mzee huyo, mtu wa rika langu, tuliyechunga ng'ombe pamoja utotoni.

“Wewe ndiye unayepanda ngazi,” nilimwambia. “Unaona nini huko juu?”

“Naona saruji ya mwaka jana imeachia.”

“Na chini ya saruji?”

“Chini ya saruji kuna saruji ya mwaka juzi.”

“Na chini kabisa?”

Alijikuna kidevu. “Huko sijafika. Walioanza kuziba walikufa kabla sijachaguliwa. Sisi tunaendeleza.”

“Basi nani amewaambia kwamba ni ufa?”

“Mwenyekiti wa kamati, nani mwingine? Si ndiye anayetuletea saruji?”

Nilikuwa nimerudi nilikoanzia, kama ng'ombe aliyezunguka zizi zima akitafuta lango. Mwenyekiti alisikia kwa mama wa kwaya, mama wa kwaya kwa mzee, mzee kwa mwenyekiti. Kanisa zima lilikuwa linakwenda kubomolewa kwa habari isiyokuwa na mzazi.

Hata hivyo, kuthibitisha kwamba hakuna aliyeona ufa si kuthibitisha kwamba ufa haupo. Hilo nalo niliwafundisha wanafunzi wangu. Swali la shemeji kuhusu mama wa mtoto lilikuwa bado limesimama mbele yangu, na lilidai kutazamwa, si kubishiwa.

Niliomba timazi, kile kipande cha chuma na uzi wake ambacho waashi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Yule mzee wa kanisa alipanda ngazi akaushika uzi juu ya ule mkanda wa saruji, nami nikautuliza ule uzito chini. Uzi ulishuka juu ya mpasuko wa saruji kutoka kwenye bati hadi kwenye msingi bila kuuacha hata kidogo. Nilisimama nikautazama kwa muda mrefu. Ufa ni mlevi: huyumba, hupita penye udhaifu, hupanda ngazi za mawe kushoto kisha kulia. Huu ulikuwa umenyooka kama askari wa gwaride.

Na hapo nikakumbuka mahali nilipowahi kuuona mstari wa namna hiyo.

Nikiwa kijana nilipelekwa Uingereza kuongeza masomo, na Jumapili moja nilialikwa katika kijiji kidogo cha huko. Kilikuwa na daraja la mawe, ghala la nafaka lenye boriti nyeusi, nyumba kadhaa zilizoinama barabarani kama vikongwe wanaosemezana, na katikati yake kanisa la parokia lenye mnara mfupi. Baada ya ibada mzee mmoja aliyelitunza alinichukua nje. Nilidhani atanionyesha makaburi ya wakubwa. Alinionyesha ukuta. Pale mnara ulipokutana na kanisa palikuwa na mstari ulionyooka toka juu hadi chini, nikamwambia, kwa adabu ya mgeni, kwamba nasikitika kuona jengo lao limepasuka. Alifurahi sana. Nadhani alikuwa amemngoja mtu wa kukosea hivyo. Alinieleza kwamba hapo ndipo kizazi kimoja kilipoishia na kingine kikaanza, na kwamba mnara uliongezwa baadaye ukaegemezwa bila kufungamanishwa, ili kila jengo likae kwa uzito wake. Nilimwuliza anajuaje. Hakusema kwamba aliambiwa na baba yake. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya mawe ya pembe, yale makubwa ambayo waashi huyaweka pale tu ukuta unapoishia.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu, mwanamke kijana mwenye subira, nikamwomba ruhusa ya kuibandua saruji yote.

“Babu,” alisema, “na kama chini yake kuna ufa kweli?”

“Basi mtabomoa, nami nitapiga nyundo ya kwanza.”

Alifikiri kidogo. “Tusifanye kwa kificho. Tutafanya Siku ya Mavuno, kabla ya mkutano, watu wote wakiwepo. Kama ni ufa, wauone. Kama si ufa, wauone pia.”

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nimeweka rehani kanisa nilimobatizwa, nilimofunga ndoa, nilimomuagia mke wangu, juu ya uzi na kumbukumbu ya ujana.

Siku ya Mavuno ilifika na jua zuri. Baada ya ibada mnada ulifanyika uwanjani kama kawaida: mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, jogoo mmoja mwekundu aliyenunuliwa, akatolewa tena sadaka, akanunuliwa tena, mpaka akachoka kuwika. Kisha mchungaji akatangaza, na umati ukazunguka nyuma ya kanisa. Yule mzee wa kuziba alishika patasi na nyundo. Mwenyekiti, shemeji yangu, alisimama karibu na ukuta akiwa amefumbata mikono, mtu aliyekuja kushinda lakini asiyetamani ushindi wenyewe.

“Mwalimu!” bibi mmoja aliita kutoka nyuma. “Ukiuangusha mnara, tutakupiga mnada na wewe!”

“Nani atamnunua?” mwingine akadakia. “Atamuuliza mnunuzi kama pesa ameziona au amezisikia!”

Walicheka, hata mchungaji. Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Nyundo ikaanza. Saruji ilidondoka kwa tabaka, kila tabaka masika ya mwaka wake, ikirundikana miguuni petu. Kisha patasi ikatoa mlio mwingine, mlio wa jiwe. Mzee akafagia vumbi kwa kiganja. Watu walisogea kutazama.

Palikuwa na mawe ya pembe. Makubwa, yamechongwa kwa uangalifu kuliko jiwe lolote lingine la ukuta ule, moja refu na moja fupi kwa zamu, kingo zake kali kama za sanduku jipya. Hakuna hata moja lililopasuka. Kando yake, pasipo kushikana nayo, yalianza mawe ya mnara. Na katikati, kwenye ule mwanya mwembamba, ulionekana weupe.

Shemeji alikunjua mikono. Aliingiza kidole katika mwanya, akakitoa, akakitazama, akakinusa. Ameuza vifaa vya ujenzi nusu ya maisha yake, na ilikuwa haki kwamba maneno yale yatoke kinywani mwake na si mwangu.

“Chokaa,” alisema. Kisha kwa sauti zaidi, akiwageukia watu: “Hii ni chokaa ya kupaka! Hakuna mtu anayepaka ukuta mahali pasipoonekana! Hapa palikuwa nje. Kanisa lilikuwa limeishia hapa, likapakwa rangi, likapendeza, ndipo mnara ukaja baadaye!”

“Kwa hiyo ufa uko wapi?” kiongozi wa kwaya aliuliza.

Shemeji alinitazama. Nilielewa kwamba ananiachia neno.

“Ufa ni mahali ukuta ulipoachana,” nilisema. “Hapa kuta mbili zilikutana. Hiki ni kiungo. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, ardhi yetu hii ikitikisika kama tunavyoijua, kanisa linajinyoosha kivyake na mnara kivyake. Waliojenga waliacha nafasi hiyo kwa akili zao. Sisi kila mwaka tumekuwa tukiwafunga kamba majirani wawili, na kila mwaka wameikata, nasi tumesema wanagombana.”

Methali haikuwa na kosa. Inatuamuru tuzibe ufa. Haikutuamuru tuzibe chochote kinachofanana nao. Kosa lilikuwa kuitii kabla ya kutazama.

Bibi yule wa mnada ndiye aliyeanza vigelegele. Vikaenea uwanja mzima, na mtu mmoja akaanza kuigonga ile rimu mpaka akaambiwa aache. Nilinyoosha mkono.

“Msiniamini,” niliwaambia, na kelele zikapungua kwa mshangao. “Mkiniamini mimi leo, kesho mtasema: Mwalimu alisema. Nitakuwa nimegeuka kuwa yale yale niliyoyapinga. Leteni mhandisi apime msingi na mnara, atie sahihi yake.”

“Mzee huyu!” shemeji alisema. “Hata akishinda hataki kushinda!” Lakini yeye ndiye aliyeleta hoja hiyo mbele ya mkutano, na mikono yote ilinyooshwa. Pendekezo la kubomoa halikusomwa.

Mhandisi alikuja na vyombo vyake, akapima, akachimba kando ya msingi, akapanda mnarani hadi kwenye kengele. Maneno yake yalikuwa machache na niliyapenda kwa sababu hiyo: mnara ni mzima, kanisa ni zima, acheni kutia saruji. Alishauri mwanya ufunikwe kwa bati jembamba lililopigiliwa upande mmoja tu, mvua isiingie na kuta zisifungwe. Bati hilo lilitoka dukani kwa shemeji, Daraja Mbili, na aliyelipigilia ni mzee yuleyule wa kuziba. Chini, karibu na msingi, tuliacha kipande wazi ili mtoto yeyote wa usharika aweze kuweka kiganja chake juu ya mawe ya pembe. Mimi nimeweka changu mara nyingi. Alama za patasi bado ziko, za mikono ambayo sitajua majina yake, na sasa sioni tabu kuamini kwamba palikuwa na wasichana waliobeba mchanga. Siliandiki kama historia. Ninalisema tu.

Jumapili ya kuirudisha kengele, kamba mpya ilikuwa imefungwa. Wengi walitaka mimi niivute. Nilikataa, nikampa shemeji, kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kuuliza swali nisiloweza kulijibu, na jibu lake lilikuwa limesimama pale mbele yetu likiwa la mawe. Alivua koti, akatema mate viganjani kama mkulima, akavuta. Mara ya kwanza kengele ilikohoa tu, ikatoa vumbi na kiota cha ndege. Mara ya pili ikalia.

Ililia kama ilivyolia asubuhi ile nilipomngoja dada yake mlangoni, nikiwa na kola iliyonibana shingo. Watu walitoka majumbani. Ng'ambo ya mto mbwa walibweka. Shemeji alivuta akicheka, machozi yakimtiririka waziwazi, na katikati ya mvumo ule akanipigia kelele:

“Shemeji! Unasikia?”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumwuliza mtu kama ameona.

“Nasikia!” nilimjibu.